"Mkojo safi": Kile ambacho kijiti hakikukiona kwa mchenjuaji wa dhahabu

KILA Ijumaa, baada ya sala na matangazo ya kawaida, mjumbe mmoja wa kamati yetu husimama na kopo la plastiki lenye mfuniko wa kijani, akatangaza mchango wa ndugu yetu anayesafishwa damu Mwanza. Huu ni mwaka wa pili. Waumini hawajachoka, Alhamdulillah, ingawa msikiti wetu, ulio kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Geita, si msikiti wa matajiri. Maduara yakitoa, kopo hurudi zito. Yasipotoa, hurudi jepesi, na wiki hiyo kamati hukopa.

Ndugu yetu ametupa idhini ya kuandika habari zake bila ya jina lake. Kinachomuuma, kwa maneno yake mwenyewe, si maradhi peke yake, kwani hayo ameyapokea kwa subira. Kinachomuuma ni kwamba alikwenda kupima mapema. Mara ya kwanza alipoona mkojo wake una povu lisilokwisha, alipima akaambiwa mkojo ni safi. Miezi kadhaa baadaye alirudi, akachukuliwa mkojo, kikachovywa kijiti, akaambiwa tena ni safi. Mara ya tatu alikwenda akiwa amevimba uso na miguu, hata kubadhi hazimwingii, na hapo hakuna aliyehitaji kijiti ili kujua.

Sisi wa kamati tulibaki na swali ambalo mke wake alituuliza siku tuliyokwenda kumjulia hali: je, mume wangu alidanganywa? Hatukuwa na jibu, nasi tuliona si vyema kumjibu kwa kukisia. Tukaenda kuuliza kwa watu wa maabara na kwa daktari mmoja wa figo. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyorudi nayo.

Hakudanganywa. Kijiti kilisema kile kilichoweza kukiona, na uwezo wake wa kuona una mpaka.

Figo ni chekecheo. Katika mwili wa mtu mzima mwenye afya, figo mbili huchuja takribani lita 180 za maji ya damu kwa siku, kisha hurudisha karibu yote, na kinachotoka kuwa mkojo ni lita moja au mbili tu. Ndani ya damu hiyo mna protini iitwayo albumini, kama gramu 40 katika kila lita. Chekecheo likiwa zima, albumini haipiti. Ile inayoponyoka kwa siku nzima haifiki miligramu 30, yaani uzito usiofika hata theluthi ya kumi ya gramu moja. Chekecheo linapoanza kuharibika, huvuja kidogo. Halitoboki siku moja. Huvuja kidogo kwa miezi, pengine kwa miaka, na mwenye figo hahisi lolote: hana maumivu wala homa, na kazi anafanya kama kawaida.

Kijiti cha kuchovya hubadilika rangi pale albumini inapofika takribani miligramu 150 hadi 300 kwa lita. Chini ya hapo hubaki na rangi yake ya awali, na msomaji wa kijiti huandika "safi". Baina ya kiwango cha mtu mzima wa afya na kile ambacho kijiti hukiona, pana uwanja mpana. Ni katika uwanja huo ndimo figo nyingi zinaweza kuokolewa, na ni humo humo ndugu yetu alimokuwa akitembea bila ya kujijua.

Kwa watu wa kazi yake pana jambo la zaidi. Alichenjua na kuchoma dhahabu kwa zaidi ya miaka kumi. Wakazi wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini gazeti hili husomwa hadi pwani, kwa hiyo tueleze kwa ufupi. Mawe husagwa kwenye karasha, kifusi huoshwa mwaloni, kisha hutiwa zebaki ambayo huishika dhahabu na kufanya nayo donge. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani na hauna harufu ya kumtahadharisha mtu, na sehemu kubwa ya anaouvuta, takribani asilimia 80, huingia kwenye damu. Kutoka hapo hufika kwenye ubongo, hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, na makazi yake makubwa mwilini ni figo.

Hili si la kubuni wala si uzushi wa kuwachukia wachimbaji wadogo. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa ulioshughulikia zebaki katika nchi sita, zikiwemo Tanzania, Sudan na Zimbabwe, watafiti walifika Rwamagasa, wilayani Geita, wakapima wakazi na wachimbaji na kuwalinganisha na watu wa Katoro. Walipima zebaki katika damu, mkojo na nywele, wakaangalia mtetemeko wa mikono na mwendo wa miguu, na protini katika mkojo ilikuwa miongoni mwa dalili walizozihesabu. Katika wachomaji, takribani robo walikutwa wameathirika kwa sumu ya zebaki. Tangu hapo Tanzania imeridhia, mwaka 2020, Mkataba wa Minamata unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe na, inapowezekana, yakome. Mkataba upo. Zebaki nayo ipo, katika vichupa vidogo, na kila mchenjuaji anajua pa kuipata.

Zebaki ina tabia moja mbaya kwa mpimaji: mara nyingi huanza kuumiza vijifereji vya figo, ambavyo kazi yake ni kurudisha mwilini vitu vyema vilivyochujwa. Vikiumia, protini ndogo sana kuliko albumini, mojawapo ikiitwa beta-2 mikroglobulini, hupotea katika mkojo kwa kiasi cha mikrogramu, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kijiti kimetengenezwa zaidi kwa ajili ya albumini, na protini hizi ndogo hupita mbele yake bila ya kuonekana.

Basi mtu hupimaje kitu kidogo namna hiyo? Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi katika maabara moja binafsi ya mjini, na kijana wa maabara, Allah amlipe kheri, hakuchoka na maswali yetu.

Alianza kwa kututolea noti ya shilingi elfu kumi. Akawasha kile kitaa cha zambarau ambacho wanunuzi wa dhahabu na wakala wa fedha hukitumia kukagua noti bandia. Noti ikabaki yenye giza, lakini nyuzi na alama ndani yake zikawaka. "Zile nyuzi zilikuwapo kabla sijawasha taa," alisema, "ila hamkuziona." Kuna vitu ambavyo hupokea mwanga wa aina moja, hata ule ambao jicho la mwanadamu haliuoni, vikarudisha mwanga wa rangi nyingine. Sabuni ya unga ina vitu hivyo. Ndiyo sababu kanzu nyeupe iliyofuliwa vizuri hung'aa chini ya taa hiyo. Kwinini, dawa chungu ya malaria ambayo wazee wetu waliinywa kwa kukunja uso, nayo hung'aa buluu. Ni kwa maji ya kwinini ndipo mwanachuoni wa Uingereza, George Gabriel Stokes, mwaka 1852 alipolichunguza jambo hili: alisogeza chupa ya kwinini katika rangi za mwanga wa jua zilizotawanywa kama upinde wa mvua, na alipoivusha zambarau, mahali ambapo jicho huona giza tupu, chupa ikawaka.

Baadhi ya ndugu zetu wakisikia habari za mwanga hukimbilia kusema kwamba Ibn al-Haytham alikwisha kuyasema yote haya. Tunamheshimu sana Ibn al-Haytham kwa kazi yake juu ya mwanga na jicho, na heshima yake haihitaji kuongezewa asichokifanya.

Kuona kitu kinang'aa ni hatua ya kwanza. Protini ya mkojo haing'ai kama uzi wa noti, kwa hiyo sharti ivalishwe alama. Hapo hutumika kingamwili. Mwili wa mwanadamu na wa mnyama huunda kingamwili dhidi ya kitu kigeni, na kila kingamwili hushika kitu chake tu, kama ufunguo na kufuli yake. Daktari wa Marekani, Albert Coons, alipokuwa mapumzikoni Berlin mwaka 1939, alipata wazo la kuifunga rangi ing'aayo kwenye kingamwili ili kila inapokwenda ionekane. Aliporudi Harvard alilifanya, na matokeo yake yakachapishwa kuanzia mwaka 1941. Kwa miongo iliyofuata, waliotaka kupima viwango vidogo sana katika damu walitumia alama za mionzi. Rosalyn Yalow alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa njia hiyo, aliyoianzisha pamoja na Solomon Berson kwa kupima insulini. Lakini mionzi ina hatari na mabaki yake ni mzigo, basi rangi zing'aazo zikachukua sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kipimo chenyewe huenda hivi. Kuna kingamwili zilizobandikwa kwenye utepe, zikingoja. Tone la mkojo huchanganywa na kingamwili nyingine zilizovalishwa rangi. Albumini ikiwemo, huvikwa rangi kwanza, kisha ikipita kwenye utepe hunaswa na zile zilizobandikwa, ikawa katikati ya kingamwili mbili kama mtu aliyeshikwa mikono yote miwili. Zisizopata cha kushika hupita zikaenda zao. Kilichobaki kwenye mstari huangaziwa na mashine, na mashine huhesabu mng'ao: mng'ao mwingi, protini nyingi, mng'ao mdogo, protini kidogo. Vipo vipimo vinavyokwenda kinyume, ambamo mng'ao hupungua protini inapoongezeka, lakini hesabu ni ile ile.

Mmoja wetu aliuliza swali ambalo kijana wa maabara alilifurahia: mkojo wenyewe je, hauna mng'ao? Unao. Mkojo, damu, hata plastiki ya kifaa, vyote hung'aa kidogo vikiangaziwa, na mng'ao huo wa kuvamia unaweza kuufunika ule unaotafutwa. Dawa yake ilipatikana mjini Turku, nchini Finland, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu wa huko walitumia madini adimu yaitwayo yuropiamu. Vitu vya kawaida vikiangaziwa hung'aa na kuzima katika sehemu ya bilioni ya sekunde. Yuropiamu iliyofungwa vizuri huendelea kung'aa kwa muda mrefu zaidi kwa maelfu ya mara, ingawa bado ni chini ya kufumba na kufumbua. Basi mashine humulika, kisha hungoja takribani sehemu nne za elfu kumi za sekunde ili vingine vyote vizime, ndipo hufungua jicho lake na kuhesabu kilichobaki. Ni kama mama sokoni anayengoja kelele za wapiga debe zitulie ili aisikie sauti ya mwanawe. Na hulifanya hilo mara elfu moja kwa sekunde.

Mashine kubwa za namna hiyo ni za hospitali kubwa na za utafiti. Lakini mashine ndogo za mezani zinazosoma mng'ao, zisizozidi ukubwa wa redio, zimeanza kuonekana katika maabara za miji yetu, na mara nyingi zinatumika kwa vipimo vya sukari na vya tezi. Ile tuliyoiona ilikuwa na uwezo wa kupima albumini ya mkojo. Aliyeileta alituambia hakuna aliyewahi kumwomba kipimo hicho kwa mchenjuaji.

Tuliporudi tulimweleza mke wa ndugu yetu. Alinyamaza, kisha akauliza: "Na mimi je?" Banda ambalo mumewe alikuwa akichomea lilipakana na jiko lake. Alipika, akanyonyesha, akakaanga samaki, na mvuke ukipita katikati ya fito. Hakuwahi kugusa zebaki kwa mkono wake hata siku moja.

Tukampeleka. Kutoka katika kichupa kimoja, asubuhi moja, vilifanywa vipimo viwili. Kijiti: safi. Mashine ya mng'ao: miligramu 58 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini. (Kreatinini hupimwa pamoja ili aliyekunywa maji mengi asidhaniwe kuwa mzima kwa sababu mkojo wake umechujuka.) Kiwango cha salama ni chini ya 30.

Hapa tunawaomba wasomaji wasituelewe vibaya. Namba hiyo haisemi kuwa figo zake zimekufa, zinafanya kazi. Wala haisemi kuwa zebaki ndiyo sababu. Kisukari na shinikizo la damu huvujisha albumini vilevile, tena ndizo sababu za kawaida zaidi. Homa, hedhi, na kazi ngumu ya siku iliyotangulia vinaweza kuipandisha kwa muda. Ndiyo maana daktari hataki kipimo kimoja: hutaka viwili kati ya vitatu viwe juu ndani ya miezi mitatu hadi sita kabla ya kusema neno. Zebaki yenyewe hupimwa kwa kipimo kingine kabisa. Hata kwa ndugu yetu, daktari hakukubali kutuambia kwa yakini kuwa ni zebaki, kwani alikuwa na shinikizo la damu pia. Tulimheshimu zaidi kwa kukataa kwake.

Kuna jambo la akinamama ambalo imam wetu alituambia tusilifiche kwa haya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 watu wazima waliokuwa wamevimba kwa kuvuja protini nyingi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, ilhali miongoni mwa wagonjwa wa kawaida waliolazwa, waliotumia krimu hizo walikuwa takribani mmoja kati ya kumi. Baadhi walipoacha krimu, figo zilitulia. Nusu karne imepita, na mkorogo bado unauzwa, nao huuzwa zaidi msimu wa harusi. Mume akileta zebaki kutoka mwaloni na mke akiileta kutoka dukani, watoto wa nyumba hiyo watakimbilia wapi?

Kamati imeazimia kuanza na familia za wachomaji. Wazee walituuliza maswali ya dini, na kwa kuwa yataulizwa kwingine tunayaweka hapa. Mkojo unaofaa zaidi kwa kipimo hiki ni wa kwanza baada ya kuamka, nao kwetu huwa kabla ya Alfajiri. Kichupa kiachwe nyumbani, kimefunikwa, mahali pa ubaridi. Mkojo ni najisi, na kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu ya Imam Shafi, anayesali huku amebeba kichupa chenye najisi sala yake haisihi, hata kama kichupa kimezibwa sawasawa. Kwa hiyo asikitie mfukoni akaja nacho msikitini kwa nia ya kupitiliza maabara. Mwezi wa Ramadhani hakuna tatizo: kutoa mkojo hakumfunguzi mtu. Mwanamke aliye katika hedhi angoje itakate, kwa ajili ya usahihi wa kipimo. Fedha ya vipimo haitatoka katika zaka, bali katika mchango wa hiari, na daftari lipo wazi kwa katibu.

Tunakiri kuwa kupima hakuzuii mvuke. Ndugu yetu, katika siku anazokuwa na nguvu, hukaa barazani na kuwaeleza vijana habari ya ritoti, kile chombo cha kufunga kinachounasa mvuke na kurudisha zebaki iweze kutumika tena. Vijana husikiliza kwa adabu. Wengine husema kinachelewesha kazi, na mnunuzi yuko mlangoni. Wawili wamenunua. Banda la nyumbani kwake limebomolewa. Fito zake zilitumika kuzungushia bustani ya mchicha, hadi mtu mmoja alipouliza ikiwa fito hizo nazo hazina zebaki, zikang'olewa.

Orodha ya akinamama kwa ajili ya kupimwa imejaa ukurasa na nusu. Ya wanaume ina majina machache, na mawili kati ya hayo yameandikwa na wake zao. Kichupa cha pili cha shemeji yetu kitapelekwa Jumatatu, inshaallah, pamoja na cha binti yake mkubwa.